Tangawizi ya Siku Mbili

Mwezi Januari mwaka 2009 nilipokea barua ya kupangiwa kituo changu cha kwanza cha kazi, shule ya sekondari wilayani Makete, wilaya ambayo wakati ule ilikuwa bado katika Mkoa wa Iringa kwa kuwa Mkoa wa Njombe ulikuwa haujaanzishwa. Nilikuwa nimezaliwa na kukulia Tanga mjini, Ngamiani, katika zile barabara zinazoitwa kwa namba, na baridi niliyoijua ilikuwa ile ya alfajiri ya mwezi wa saba ambayo dawa yake ni kuongeza kanga moja juu ya shuka. Bibi yangu mzaa mama, ambaye tuliishi naye nyumba moja, aliposikia jina la Makete aliuliza mambo mawili tu: kama huko kuna bahari, na kama ni kweli kwamba watu huota moto hata mchana. Nilipomjibu kuwa bahari haipo na moto huotwa, akasema, "Basi, mume wangu, hutoki humu ndani bila viungo vya chai."

Aliniita mume wake tangu nilipokuwa mtoto, kwa utani ule wa bibi na mjukuu, nami nilimwita mke wangu pale nilipotaka kitu. Utani huo ulikuwa na kanuni zake, na mojawapo ilikuwa kwamba mke ndiye mwenye kauli ya mwisho katika mambo ya jikoni.

Viungo vyake vya chai alivitengeneza mara moja kwa mwaka, mwezi wa Shaabani, ili mfungo wa Ramadhani umkute na kopo limejaa, na kila mwaka majirani walituma watoto na vikombe vidogo kuja kuomba. Kuvitengeneza mwezi Januari ilikuwa ni kuvunja mazoea kwa ajili yangu, na nilipaswa kulitambua hilo mapema zaidi kuliko nilivyolitambua. Mimi nilikuwa na tiketi ya basi la Ijumaa mfukoni, na siku tuliyozungumza ilikuwa Jumatatu.

Siku hiyo hiyo tulikwenda soko la Mgandini. Macho ya bibi yalikuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo alinishika mkono njia nzima, lakini tulipofika kwenye meza za viungo aliuachia mkono wangu kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji kuongozwa. Iliki alizitikisa karibu na sikio, kisha akapasua moja kwa ukucha na kuniamuru nimwambie mbegu zake zina rangi gani. Zikiwa nyeusi na zinanata, ni mpya. Zikiwa zimepauka na zinamwagika kama mchanga, zimekaa ghalani hadi zimesahau kazi yake. Muuzaji aliapa kwamba zilishuka kutoka milima ya Amani wiki ile ile, kupitia Muheza, na bibi akamjibu kwa upole kwamba hakuuliza zimetoka wapi, ameuliza zimechumwa lini.

Kwenye karafuu hakuna aliyejaribu kumdanganya zaidi ya mara moja. Alikuwa mzaliwa wa Pemba, kisiwa ambacho hadi leo ndicho kinachotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, na utoto wake wote ulipita chini ya mikarafuu, akichambua vikonyo usiku na kuanika asubuhi, kabla hajavushwa bahari kuja kuolewa Tanga. Aliingiza vidole ndani ya gunia, akavizungusha, akatoa vijiti viwili vitatu na kuviweka mezani mbele ya muuzaji bila kusema neno. Yalikuwa makonyo, yaani vile vikonyo vya shada ambavyo hukamuliwa mafuta lakini havina nafasi katika chai ya mtu mwenye heshima zake. Kisha akachagua karafuu zenye vichwa vyake, akaibonyeza moja kwa ukucha hadi mafuta yakachomoza, akanusa, akatikisa kichwa kukubali. Mdalasini alichagua ule wa magome membamba yanayojiviringa tabaka ndani ya tabaka, akayakataa yale manene magumu yaliyofanana na vipande vya ubao. Tulimalizia kwa pilipili manga, kungumanga moja, na tangawizi mbichi kilo moja, ambayo mwenye meza alisema imetoka milima ya Upare. (Wazee wetu waliita nchi ya Waarabu Manga, na kwa miaka mingi nilidhani kila chenye jina hilo, hata komamanga, kilifika kwa jahazi siku moja.)

Tatizo lilikuwa tangawizi. Vile vingine vyote vilinunuliwa vikiwa vikavu, lakini bibi hakuitaka tangawizi kavu ya sokoni, kwa kuwa alisema huanikwa kando ya barabara na kusagwa na mavumbi yake. Aliimenya mwenyewe kwa kijiko, nami nikaikata vipande vyembamba kama sarafu, tukavitandaza juu ya ungo na kuviweka kwenye bati la banda la kuku. Jua la kaskazi ni kali, na bibi alihesabu kwamba siku tano zingetosha. Nilimkumbusha kuhusu basi. Akanyamaza kidogo, kisha akatoa hukumu: tutatwanga Alhamisi asubuhi, lakini kipande cha tangawizi kisipovunjika kwa mlio, nitakwenda kubadilisha tiketi.

Nilikuwa na umri wa miaka 24, nina barua yenye muhuri, na nilikuwa nimekwisha kuwaaga marafiki wote. Kurudi barabarani Jumamosi na kukutana na watu niliowaaga ilikuwa fedheha nisiyoitaka. Jumatano jioni nilipopanda kuuteremsha ungo, vipande vya pembezoni vilikuwa vimekauka na kujikunja, lakini vya katikati vilipinda kama ngozi ya kiatu. Nilifanya jambo ambalo sikulifikiria mara mbili. Nilichagua vile vikavu nikaviweka juu, na vile vilivyopinda nikavifukia chini yake.

Alhamisi baada ya chai ya asubuhi bibi alikaa juu ya mkeka uani, miguu ameinyoosha, kinu kikiwa mbele yake, akaomba apewe tangawizi. Nilimsogezea ungo. Akachukua kipande cha juu, akakivunja karibu na sikio, kikalia. Akachukua cha pili, nacho kikalia. "Jua la mwaka huu lina hasira," alisema, na sijui kama nilicheka au nilikohoa.

Tulianza na kukaanga. Alitaka moto wa makaa yaliyokwisha kufunikwa na majivu, wala si moto wa kuonekana, na kikaango kikavu kisicho na hata tone la mafuta. Mdalasini ulitangulia kwa kuwa ni mgumu, ukafuatiwa na pilipili manga, kisha iliki zikiwa na maganda yake, na karafuu ziliingia mwisho kabisa, zikakaa muda wa kusoma Fatiha moja, kwa kuwa karafuu ikiungua huleta uchungu ambao hata sukari haiuondoi. Harufu ilipofika barazani na jirani akaita kuuliza kama kuna harusi, alisema zimeiva. Kuhusu maganda ya iliki palikuwa na ugomvi wa kudumu kati yake na mama yangu mkubwa, ambaye aliyatoa yote na kutwanga mbegu peke yake. Mimi nimejaribu njia zote mbili, na ninasema wazi kuwa mama mkubwa alikuwa na haki: maganda huongeza ujazo na nyuzi, ladha imo ndani ya mbegu. Lakini siku ile nilikuwa nimejitwika kosa moja tayari, sikutaka kuongeza la pili kwa kubishana.

Nilikuwa na daftari. Nilitaka kuandika vipimo, nikamuuliza kila alipotia kitu kinuni ni kiasi gani, naye akajibu kwa mkono: tangawizi kufi mbili, iliki ukufi mmoja, mdalasini ukufi mmoja haujajaa, pilipili manga nusu konzi, kungumanga robo tu ya kukwaruza. Karafuu pekee ndizo alizozihesabu moja moja, zikafika 60, na alipomaliza akairudisha moja. Niliandika yote, kisha nikamuuliza ukufi wake ni gramu ngapi. Akanitazama kwa yale macho yenye ukungu, akakinga kiganja mbele ya uso wangu na kusema, "Andika huu." Miaka kadhaa baadaye nilipima kwenye mizani na kufika kwenye hesabu zangu mwenyewe, ambazo ni gramu 100 za tangawizi kavu, 50 za iliki, 40 za mdalasini, 20 za pilipili manga na 6 za karafuu, na hazijaniangusha, hata hivyo kiganja chake kilikuwa kidogo kuliko changu, na nina hakika kwamba chai yangu ina tangawizi nyingi kuliko yake.

Mdalasini ulitwangwa, ukachekechwa, chenga zikarudishwa kinuni na kutwangwa tena. Iliki, pilipili manga na karafuu zikafuata. Mimi ndiye niliyeshika mchi, naye alishika chekecheo, na kwa muda wote huo alikuwa akinisimulia habari za Wete, kule Pemba, ambazo sikuzisikiliza, kwa kuwa tangawizi ilikuwa inasubiri zamu yake. Nilipoimimina kinuni nilihakikisha vipande vikavu vinatangulia. Kwa mapigo kama kumi kinu kilitoa mlio mkavu, mkali, wa kitu kinachopasuka. Kisha mlio ukabadilika ukawa mzito, kama mtu anayepiga godoro.

Bibi aliacha kuchekecha. Hakuinama kutazama wala hakuingiza mkono. "Rudia," alisema. Nikarudia pigo moja. "Hiyo si tangawizi kavu. Hiyo ni tangawizi iliyochoka." Ndipo akasogea, akachota konzi ya ule unga uliokuwa umeanza kushikana, akaifinya, akaufungua mkono na kunionyesha donge lililobeba alama za vidole vyake vyote vinne. Nilianza kueleza habari za basi, na fedha za tiketi, na barua ya mwajiri, naye akaniacha nieleze hadi mwisho. Kisha akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba unyevu wa kijiko kimoja huoza kopo zima, na kwamba kama angeichanganya ile tangawizi na vile vingine, basi iliki ya watu wa Amani na karafuu za kwao zingeota kuvu kabla sijamaliza mwezi. Kilichoniuma ni kwamba hakuniita mume wangu tena siku ile. Aliniita kwa jina langu la shuleni.

Hakunilazimisha kubadilisha tiketi. Alijaza kopo moja la maziwa ya unga kwa viungo vikavu bila tangawizi, akalifunga kwa karatasi ya nailoni na mpira, na ile tangawizi akaitandaza kwenye sinia ikale jua la mchana uliobaki, kisha usiku akaifunga peke yake katika kitambaa cheupe. Maagizo yalikuwa mafupi. Nikifika niianike siku tatu, niitwange, nichanganye. Nusu kijiko cha chai kwa vikombe viwili, kitangulie kwenye maji baridi kabla ya majani, na maziwa yaje mwisho. Nisishawishike kutia tangawizi mbichi kwenye maziwa yanayochemka, kwa kuwa yatakatika.

Basi lilinuka iliki kutoka Tanga hadi Chalinze, na abiria aliyekaa nami aliniuliza mara mbili kama ninafanya biashara. Nililala Makambako, nikapita Njombe, nikafika Makete Jumamosi jioni katika mvua nyembamba isiyo na haraka. Januari katika milima ile ni masika yenyewe, jambo ambalo mwalimu wa jiografia, na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa jiografia, alipaswa kulifikiria. Kwa wiki mbili ukungu ulikuwa ukiingia hadi ndani ya darasa. Niliifungua tangawizi siku ya kwanza, nikaitandaza kwenye sahani karibu na dirisha, nikairudisha kitambaani, nikaitandaza tena, na siku ya tisa ilikuwa na manyoya ya kijani. Niliitupa nyuma ya nyumba usiku, kana kwamba kuna mtu anayenichungulia. Kopo la viungo lilibaki kavu kama lilivyotoka Ngamiani, na walimu wenzangu walilifikia nusu kabla ya mwezi kwisha. Mara moja nilinunua tangawizi mbichi nikaitia kwenye maziwa yanayochemka, nayo yakakatika mbele ya wageni.

Simu yangu ilishika mtandao sehemu moja tu, juu ya kilima kando ya shamba la viazi. Mwishoni mwa Februari nilikuwa pale juu, koti hadi masikioni, simu ikalia, na ilikuwa namba ya mama mkubwa. Ilikuwa sauti ya bibi. Tulisalimiana, akauliza habari za baridi, na za wanafunzi, na kama nimepata mke wa pili huko kwa Wakinga. Nilifarijika mno kusikia kwamba utani umerudi.

"Na tangawizi, mume wangu, ilikauka?"

"Ilikauka, bibi."

Alikaa kimya kidogo. Nilisikia kuku wa uani, na mtu akipita na baiskeli.

"Umeshaitwanga?"

"Bado kidogo," nilisema. "Nitaitwanga leo."

"Vizuri. Basi weka simu karibu na kinu, uitwange nisikie."

Nilimwambia kwamba salio linakwisha, ingawa ni yeye aliyekuwa amepiga.