Kitalu cha Februari, mboga za Aprili

Bustani nyingi za Kampala na Wakiso huharibika kabla jembe halijagusa udongo. Watu husubiri mvua inyeshe ndipo watafute mbegu. Huku upande wa Ziwa Victoria mvua za kwanza huanza Machi, hukolea Aprili na kupungua kuelekea mwisho wa Mei. Mche wa sukuma wiki nao unataka wiki 4 kitaluni. Ukisia mbegu mvua ikishaanza, utahamisha miche katikati ya Aprili, wakati inaponyesha kwa nguvu kuliko siku zote, na utaanza kuchuma msimu ukiwa ukingoni. Sia katikati ya Februari kwa maji ya jerikani, miche iwe tayari udongo unapolowa. Walioko kaskazini mwa Uganda, kama Gulu, Lira na Arua, wana msimu mmoja mrefu unaoanza Aprili, kwa hiyo wasogeze hesabu hii mbele kwa mwezi mmoja.

Kitalu cha mita 1 kwa 2 kinatosha familia kubwa, na miche mingine itabaki ya kumpa jirani. Chekecha udongo, changanya na ndoo moja ya samadi iliyooza kabisa, kisha sawazisha. Usichukue udongo pale zilipokuwa nyanya au nakati (ile mboga ya majani) msimu uliopita. Sababu yake nitaieleza chini. Chora mistari iliyoachana sentimita 10 hadi 15, yenye kina cha sentimita 1 kwa sukuma na kabichi. Mbegu za nakati ni ndogo mno, hivyo zichanganye na mchanga mkavu ili zisidondoke kwa mafungu, na uzifunike kwa vumbi jembamba tu la udongo. Tandaza nyasi kavu au essanja (majani makavu ya mgomba) juu yake, halafu mwagilia hapo juu ya matandazo.

Kuanzia siku ya 4, funua kidogo kila asubuhi uchungulie. Ukiona vichwa vya kwanza vinainua udongo, ondoa matandazo jioni hiyohiyo. Ukichelewa siku mbili, miche itarefuka ikitafuta mwanga, shingo zitakuwa nyeupe na italala. Badala ya matandazo, jenga kichanja cha kivuli kilichoinuka mita 1 kutoka ardhini, na upunguze miche iachane sentimita 3.

Ugonjwa unaomaliza vitalu vingi ni kinyausi. Mche unaanguka majani yakiwa bado ya kijani. Ukiuinua utaona shingo, pale unapotoka ardhini, imekuwa ya kahawia na imekonda kama uzi. Huanza sehemu moja, kisha duara linapanuka. Chanzo ni miche iliyosongamana, samadi mbichi, au kumwagilia jioni hata udongo ukalala na maji usiku kucha. Mwenye bustani akiona miche imelala hudhani ina kiu, anaongeza maji, na kesho yake nusu ya kitalu imekwisha. Dawa yake ni kuzoa miche iliyougua pamoja na udongo wake, kuacha kumwagilia siku moja, kufungua kivuli jua liingie, na tangu hapo kumwagilia asubuhi tu. Wiki ya mwisho punguza maji na uondoe kivuli kabisa ili miche ikomae.

Wakati kitalu kinakua, tengeneza matuta. Ukikodi kiwanja cha futi 50 kwa 100, usikilime chote mwaka wa kwanza. Magugu ya Aprili yatakushinda. Anza na matuta manne ya mita 1 kwa 5. Upana wa mita 1 unakuwezesha kufika katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga, na udongo usiokanyagwa hunywa mvua badala ya kuitiririsha. Yainue sentimita 20 na uyalaze kufuata kontua, yaani yakatize mteremko, hasa kwenye vilima vyetu. Tuta linaloshuka na mteremko huwa mfereji mvua ikipiga.

Kila tuta lipewe ndoo 2 za lita 20 za samadi ya ng'ombe iliyooza. Ya kuku weka nusu yake, na iwe imerundikwa wiki 6 au zaidi, kwani ikiwa mbichi huunguza mizizi. Wenye maganda ya matoke jikoni wana mboji bure, ila maganda peke yake huoza yakawa ute unaonuka. Weka tabaka la maganda, kisha la majani makavu au nyasi lenye unene mara mbili yake, na ugeuze kila baada ya wiki 2. Rundo la Desemba huwa tayari kwa Machi.

Sasa mvua. Mara nyingi Machi huleta mvua ya kudanganya: inanyesha siku mbili, kisha jua kali wiki nzima. Usihamishe miche kwa kuangalia mawingu. Chimba kwa panga. Kama unyevu haujafika sentimita 20, ngoja. Kisha fumbata konzi ya udongo. Ukishikana na kuvunjika kwa kuusukuma na dole gumba, panda. Uking'aa na kunata, una maji mengi, na ukiulima utakauka mabonge kama matofali.

Hamisha miche baada ya saa kumi jioni. Mwagilia kitalu muda wa saa mbili kabla ya kuhamisha, ng'oa kwa mwiko na donge lake, panda kwa kina kilekile ilichokuwa nacho, shindilia kwa vidole. Nafasi kati ya miche: sukuma sentimita 60 kwa 45, nakati 30 kwa 30, spinachi 30 kwa 30, entula (nyanya chungu) 75 kwa 60. Entula inaonekana ndogo mwanzoni na watu huibana. Ikifika Juni inakuwa kichaka, na mimea iliyobanwa hutoa majani mengi na matunda machache.

Ukikuta asubuhi mche wa sukuma umekatwa shinani kama kwa wembe na umelazwa pembeni, usiwalaumu kuku. Fukua kwa kidole kuzunguka shina, kina cha sentimita 3. Utamkuta sota, kiwavi mnene wa kijivu aliyejikunja kama pete. Muue, kwani usiku ujao atahamia mche unaofuata. Viwavi vidogo vya kijani vinavyotoboa majani hadi kubaki madirisha ni wengine: ukivigusa hujinyonganyonga na kujiachia wakining'inia kwa uzi. Hao hukaa chini ya jani, hivyo kunyunyiza dawa juu ya jani ni kazi bure.

Nilisema nitarudi kwenye udongo wa nyanya. Nakati, entula, katunkuma (ile ya matunda madogo machungu), nyanya, biringanya, pilipili na viazi mviringo ni ukoo mmoja. Mtu anayetoa nyanya na kupanda nakati anaamini amebadilisha zao, kumbe ameuandalia mnyauko bakteria mlo wa pili. Mmea wenye ugonjwa huu hunyauka ghafla mchana ukiwa wa kijani, bila majani kuwa manjano kwanza. Kuuhakikisha, kata kipande cha shina karibu na ardhi chenye urefu wa kidole, na ukishikilie wima ndani ya glasi ya maji safi, ncha ikigusa maji. Baada ya dakika chache, kama ni bakteria, nyuzi nyeupe kama maziwa zitashuka polepole kutoka kwenye mkato. Hakuna dawa ya kunyunyiza itakayouponya. Ng'oa, choma, na usirudishe ukoo huo hapo kwa miaka mitatu au zaidi. Panda maharage, vitunguu, mahindi au sukuma. Safisha pia jembe, maana udongo uliogandamana nalo unatosha kuupeleka ugonjwa tuta la pili.

Kuhusu nyanya zenyewe, ushauri wangu ni kuziacha katika mvua za kwanza kama huna paa la plastiki. Aprili yenye baridi na majani yasiyokauka ndiyo hali inayopendwa na ugonjwa wa bakajani chelewa, na shamba zima linaweza kuungua ndani ya wiki moja. Wanaozilima wazi hulazimika kunyunyiza kila mara, na yale madoa meupe yanayobaki juu ya nyanya sokoni ni mabaki ya dawa hizo. Kwa chakula cha nyumbani haifai. Zisie Mei, zikue mvua inapopungua, na umwagilie kwa mkono.

Asiye na ardhi atumie gunia la kilo 100. Changanya udongo sehemu 3, samadi 2 na mchanga 1. Kata kopo kubwa la rangi juu na chini libaki wazi, lisimamishe katikati ya gunia, lijaze kokoto, jaza udongo kulizunguka, kisha livute juu na urudie hadi juu kabisa. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo inayofikisha maji chini. Bila yake mimea ya chini hufa kwa kiu huku ya juu inazama. Mwagilia, acha siku 4 udongo ushuke, ongeza, ndipo utoboe matundu 24 yaliyoachana sentimita 20 kwa kupishana. Wanaotoboa siku ya kwanza hukuta udongo umeshuka na kung'oa mizizi. Pembeni weka sukuma na spinachi, juu vitunguu. Siku isiyo na mvua, lita 10 zinatosha, nusu yake ukiimimina juu ya kokoto.

Popote unapolima, usimwagilie kwa maji ya mitaro ya jiji kama ule wa Nakivubo. Unabeba kinyesi na taka za viwandani, na mboga ya majani huliwa ikiwa imeiva nusu tu.

Dodo (mchicha) isie moja kwa moja tutani mara mvua inaposhika, mbegu zikichanganywa na mchanga kama za nakati, halafu kipande kingine kila baada ya wiki 2. Ndani ya wiki 4 unang'oa cha kwanza. Nakati huchukua wiki 6 hadi 8. Ikate ukiacha kisiki cha sentimita 10 hadi 15, nayo itachipua tena. Acha mimea 5 yenye nguvu bila kuikata. Matunda yake yakiwa mekundu kabisa, yaponde ndani ya maji, mwaga yanayoelea, anika mbegu zilizozama kivulini siku 5, na uzitie kwenye bahasha ya karatasi. Usitumie mfuko wa nailoni, kwa sababu unyevu uliobaki utaziozesha kabla ya msimu wa Septemba.