Feni Ilikuwa Inazunguka

Desemba mwaka 2022 nilikuwa nikifanya kazi katika studio ya mjomba wangu, chumba kimoja cha mbele katika nyumba ya bati pale Chikongola, mjini Mtwara, ambako tulihariri video za harusi na za kutoa wali wa jando na unyago. Fedha za korosho zilikuwa zimeanza kuingia mikononi mwa watu, kwa hiyo hapakuwa na Jumamosi isiyo na harusi. Kaskazi nayo ilikuwa imeshika, na anayeifahamu Mtwara anajua kuwa upepo huo unapovuma joto halipungui, bali nguo hugandamana na mgongo tangu asubuhi. Madirisha tuliyafunga kwa ajili ya vumbi na hewa ya chumvi, ambayo huzila kamera taratibu. Kipozahewa hatukuwa nacho, na hata kama tungekuwa nacho, mita ya umeme ya LUKU isingetuvumilia.

Kompyuta yetu ya mezani ilikuwa na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya AMD aina ya Ryzen 7 5800X, yenye viini vinane, na kila kiini na nyuzi zake mbili za kupitishia kazi, jumla kumi na sita. Ni prosesa nzuri, lakini kwa joto ina sifa mbaya: kiwandani huandikiwa wati 105, ilhali kwa kweli inaruhusiwa kuvuta hadi wati 142, na haiuzwi pamoja na feni yake, kwa hiyo kila mnunuzi hujitafutia ya kwake. Yetu ilikuwa ya bei ya kawaida. Tulipokuwa tukirenda video ya saa mbili, yaani kuigeuza kazi iliyohaririwa kuwa faili moja la kutazamwa, joto la prosesa lilifika nyuzijoto 90, ambacho ndicho kikomo chake, likakaa hapo hapo kama lililopigiliwa msumari, na kasi ya viini ikashuka ili lisizidi. Feni ililia kwa sauti ambayo mjomba aliifananisha na mashine ya kukoboa.

Mimi ndiye niliyependekeza tupunguze volteji. Kila prosesa hutoka kiwandani ikiwa imepangiwa volteji ya ziada, kwa kuwa mtengenezaji hawezi kukaa na kila kipande akakipima kwa kila hali, hivyo huacha akiba ya usalama. Aliyepata kipande imara huilipia akiba hiyo kwa joto. Na faida ya kupunguza si ndogo, kwa sababu nguvu inayoliwa hupanda na kushuka kwa mraba wa volteji: ukipunguza sehemu moja ya kumi ya volteji bila kugusa kasi, unaokoa karibu sehemu moja ya tano ya nguvu. Nilimweleza mjomba hesabu hiyo kwa kalamu, nyuma ya kava la DVD. Aliitazama kwa muda, kisha akasema, “Haya mjomba, ilimradi usiniunguzie mashine.” Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, kila mmoja mjomba wa mwenzake.

Usiku huo, baada ya kufunga, niliiwasha upya kompyuta huku nikibonyeza kitufe cha Delete hadi ukurasa wa BIOS ukafunguka, yaani ile programu iliyomo ndani ya ubao mama, au mazabodi kama mafundi wote tunavyoita. Katika sehemu ya mipangilio ya juu ya prosesa kulikuwa na kipengele kiitwacho Curve Optimizer. Hicho hakikuombi uandike volteji moja ya kudumu, bali hushusha mstari mzima wa volteji na kasi ambao prosesa imepewa kiwandani, na hushushwa kwa hatua. Kila hatua ni takribani milivolti 3 hadi 5, na mwisho ni hatua 30. Nilikuwa nimesoma watu waliofika 30 kwa viini vyote bila tatizo. Nami nikaandika 30 kwa viini vyote. Sikuanza na 10, wala sikuanza na 15. Nilikuwa na haraka ya kwenda kula, na nilijiona fundi.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba joto halikushuka. Nilirenda kipande cha majaribio, nikaona nyuzi 88, kisha 89. Ilinichukua karibu saa nzima kuelewa kuwa prosesa hizi hazikai na akiba: ukiipunguzia volteji, inachukua nafasi uliyoiachia na kuongeza kasi, hadi igonge tena ukuta wa joto au wa wati. Ni kama mchukuzi wa bandarini aliyetuliwa gunia moja, naye badala ya kupumzika akaanza kukimbia. Ikabidi nirudi BIOS nikashushe pia kikomo cha wati, kile kinachoandikwa PPT, kutoka 142 hadi 105. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Joto likatua kwenye nyuzi 78, feni ikanyamaza kiasi cha kusikia wimbi la redio ya saluni ya jirani, na kazi iliyokuwa ikichukua saa mbili kamili ikaisha dakika nane mapema, kwa kuwa viini havikulazimika tena kupunguza mwendo. Nilirenda harusi nzima mara mbili mfululizo bila kasoro yoyote, nikahesabu kuwa jaribio limekwisha.

Siku mbili baadaye, saa tano asubuhi, mama wa bibi harusi mmoja alikuja kuchukua video yake. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu yangu, akaniomba nimwonyeshe pale bwana harusi anapoingia, nikamwonyesha, akacheka, akafuta macho kwa ncha ya kanga. Nikachomeka flashi, nikaanza kunakili. Ule mstari wa kijani ulikuwa umefika kama nusu wakati skrini ilipokuwa nyeusi ghafla. Hakuna onyo wala maandishi yoyote. Sekunde chache baadaye nembo ya mazabodi ikatokea, na kompyuta ikaanza kuwaka upya.

“Umeme huo,” mjomba akasema kutoka mezani kwake, ambako alikuwa akikata makava.

Nami nilikubali moja kwa moja. Mtwara kitu chochote kikizima, mtu wa kwanza kutuhumiwa ni umeme, na mara nyingi tuhuma huwa ya kweli. Tena nilikuwa nimeipanga BIOS iiwashe kompyuta yenyewe pindi umeme unaporudi, hivyo kilichotokea kilifanana kabisa na umeme kukatika na kurudi kwa kufumba na kufumbua. Feni ya juu tulikuwa tumeizima ili isipeperushe karatasi, na mchana hatukuwasha taa, kwa hiyo hapakuwa na shahidi. Redio ya saluni, nikikumbuka sasa, haikukatika hata neno moja, lakini wakati ule sikuisikiliza. Flashi ya yule mama ilikataa kufunguka na kudai ifomatiwe. Alisubiri kwa subira nisiyostahili. “Taratibu tu mwanangu,” alisema, “video si ipo?” Video ilikuwepo, nikanakili tena, akaondoka.

Kesho yake mjomba alinunua UPS, betri ya kuishikilia kompyuta umeme unapokatika. Haikuwa ya bei rahisi, na alitoa fedha aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya lenzi. Niliifunga mwenyewe chini ya meza, na siku tatu zikapita kwa utulivu.

Siku ya nne nilibaki peke yangu usiku nikiandika majina ya wageni wa meza kuu, kazi ambayo kompyuta haiihisi kabisa. Niliinuka kunywa maji. Niligeuka nikiwa na kikombe mkononi, nikaiona skrini inakuwa nyeusi mbele yangu. Taa ilikuwa inawaka. Juu ya kichwa changu feni ilikuwa inazunguka kwa mwendo wake ule ule wa kuyumba, na UPS haikutoa mlio wowote. Nilisimama hapo, nikiitazama ile feni kama mtu anayesomewa shitaka.

Kompyuta ilipowaka nilifungua daftari la matukio la Windows, ambalo nilipaswa kulifungua tangu siku ya kwanza. Lilikuwa na alama nyekundu za chanzo kiitwacho WHEA-Logger, tukio namba 18: hitilafu mbaya ya maunzi, iliyoripotiwa na kiini cha prosesa, aina yake ni kosa katika kashe, ile kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa, na chini yake APIC ID, yaani namba ya uzi, ni 6. Nyuzi huhesabiwa mbili mbili kwa kila kiini, na viini navyo huhesabiwa kuanzia sifuri, kwa hiyo 6 na 7 ni za kiini namba tatu. Nilishuka chini kutafuta alama kama hizo za tarehe za nyuma. Zilikuwa tano, na nyingine zilitokea alfajiri, kompyuta ikiwa imeachwa yenyewe. Ya kwanza ilikuwa ya kesho yake ya usiku ule nilioandika 30. Kabla ya hapo hapakuwa na hata moja.

Kilichonipotosha ni jaribio lenyewe. Nilidhani kazi nzito ndiyo mtihani mkubwa, kumbe kwa aina hii ya mpangilio mambo ni kinyume. Viini vyote vinane vinaporenda, kila kimoja huenda kwa kasi ya wastani, na volteji iliyopo hukitosha. Ni pale kazi inapokuwa ndogo ndipo kiini kimoja hurushwa peke yake hadi gigahezi 4.7 kwa kitambo kifupi, na huko juu ndiko volteji kidogo iliyokosekana huleta maafa. Tena vinavyorushwa mara nyingi ni vile viini bora, ambavyo kiwandani tayari vilipewa volteji finyu kwa sababu ya ubora wao, hivyo havina cha kupunguziwa. Namba tatu kilikuwa kimojawapo.

Nilitumia usiku mbili na programu ndogo iitwayo CoreCycler, ambayo hukilemea kiini kimoja kimoja kwa zamu huku vingine vikikaa. Namba tatu kilianguka kwenye 30, kikaanguka kwenye 20, kikaanguka kwenye 15 baada ya dakika arobaini, kikasimama kwenye 8. Namba sita kilisimama kwenye 12. Vilivyobaki nikaviachia 25, ingawa viwili vilikuwa radhi kwenda mbali zaidi. Joto liliongezeka kwa nyuzi mbili tu. Niliandika namba zote kwenye karatasi na kuibandika kwa selotepu ndani ya ubavu wa kasha, maana kusasisha BIOS mara nyingi hufuta mipangilio yote.

Asubuhi nilimweleza mjomba. Nilianza na fedha ya lenzi, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyonikaa kooni. Alisikiliza hadi mwisho bila kuacha kukata makava.

“Kwa hiyo umeme hauna kosa,” alisema.

“Hauna, mjomba.”

“Na hiyo UPS?”

Sikuwa na jibu. Hakuniuliza tena.

Mwezi Januari, tukiwa katikati ya kurenda, feni ya juu ilipunguza mwendo ikasimama, redio ya saluni ikakatika katikati ya wimbo, na mtaa mzima ukaguna kwa pamoja. Chini ya meza UPS ilianza kulia. Mjomba hakuinua hata uso.

“Mjomba,” alisema, “hebu kamwangalie huyo namba tatu.”