Kidole cha Baba Mkwe

Juzi binti yangu alifungua chupa ya mafuta ya kitani achanganyie rangi zake za kuchorea. Nilikuwa chumba cha pili, nikaacha nilichokuwa nafanya. Harufu ile naijua. Ndiyo harufu ya mbao ya mjozi ya ile kabaini, bunduki fupi ya kijeshi, iliyofungiwa kwenye kabati la chuma, na ndiyo iliyokuwa vidoleni mwangu siku baba mkwe alipokuja kuitazama.

Kabaini hiyo ni Rock-Ola, kwa jina la kiwanda chake. Ni M1 iliyoundwa Chicago, kwenye kiwanda ambacho kabla ya Vita Kuu ya Pili kilikuwa kikitengeneza masanduku ya muziki, yale ya kutumbukiza sarafu. Vita ilipopamba moto Marekani ilitaka bunduki hizi fupi kwa mamilioni, kazi ikagawiwa hata kwa watu wasiowahi kuunda bunduki: Underwood wa taipureta, IBM, watengenezaji wa mashine za posta. Hadi 1945 zilikuwa zimetoka zaidi ya milioni 6. Za Rock-Ola ni kama 228,000 tu, ndiyo maana zinagombaniwa. Kila kiwanda kiligonga herufi zake kwenye vipande, hata vile vidogo usivyoweza kuvisoma bila lenzi. R ni Rock-Ola, W ni Winchester, Q ni Quality Hardware. Ukishajifunza herufi hizo huwezi tena kuitazama kabaini kama kitu kimoja. Unaona ukoo mzima.

Yangu ilikuja na mwili na mtutu wa Rock-Ola, basi. Komeo lilikuwa la Winchester, nyundo ya Underwood, sanduku la triga la Inland, na ubavuni mwa kitako kulikuwa na muhuri wa AA, wa ghala la silaha la Augusta kule Georgia. Maana yake ni kwamba baada ya vita ilipelekwa huko, ikafunguliwa pamoja na wenzake, vipande vikaoshwa na kukaguliwa, kisha ikaunganishwa upya na chochote kilichokuwa kizima. Jeshi halikujali R wala W. Vipande vilitengenezwa viingiliane, na viliingiliana.

Mimi nilijali. Miaka mitatu niliwinda R. Nilitoa kilengeo cha kurekebisha nikarudisha kile cha kukunja, chenye matundu mawili, yadi 150 na yadi 300. Nilitoa pete ya mbele yenye kishikio cha singe nikaweka ile nyembamba ya mwanzo. Nikapata komeo lenye mgongo bapa. Mwisho kabisa nikapata kitako chenye RMC, alama ya Rock-Ola, ndani ya kishimo cha mkanda, pale kinapokaa kikopo cha mafuta. Nilikipaka mafuta ya kitani kwa kiganja, tabaka juu ya tabaka, kwa majuma. Vipande vilivyotoka niliviuza, na kitako cha Augusta nacho kikaenda.

Nilipomaliza nikamwita baba mkwe. Alikuwa vitani Korea mwaka 1951, na kwa miaka yote niliyomfahamu hakuwahi kunisimulia lolote la huko. Nilidhani bunduki ingemfungua kinywa.

Aliipokea kwa mikono miwili. Akavuta komeo nyuma, akachungulia ndani, akaingiza ncha ya kidole kidogo kuhakikisha chumba cha risasi ni kitupu. Hakufanya haraka. Kisha akaiweka begani akielekeza ukutani, macho akayafumba. Hapo ndipo nilipokiona kidole chake cha shahada. Kilitoka kwenye triga, kikapita mbele ya kikingio chake, kikasimama. Kikasogea kidogo, kikarudi. Kilikuwa kinatafuta kitu. Kilikuta kitufe cha usalama, kikakigusa, kikakiacha, kikatafuta tena mahali palepale, kama mtu anayepapasa swichi gizani katika nyumba aliyokulia na swichi haipo.

Akafumbua macho.

"Pana kiwenzo hapa," alisema. "Cha kuzungusha."

Nilikimbilia kueleza. Nikamwambia kwamba za mwanzo zilikuwa na kitufe, lakini kitufe cha kutolea magazini kiko jirani yake, na askari kwa haraka au kwa baridi wakibonyeza hiki badala ya kile magazini inaanguka chini. Kwa hiyo wakaleta kiwenzo, na kwenye matengenezo ya baada ya vita wakavibadilisha. Nikasema kwa fahari kwamba mimi nimerudisha kitufe.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ilikuwa nacho, ukakitoa?"

"Ndiyo, baba. Hakikuwa cha kwake."

Akatazama kitako, akapitisha kiganja ubavuni, upande uleule muhuri wa Augusta ulipokuwa. Akanirudishia. "Umeifanya nzuri, mwanangu," akasema, na najua alimaanisha. Akauliza kama chai ipo.

Mengine ya jioni ile ni chakula na habari za wajukuu. Korea haikutajwa, wala hakuniomba tena kuishika. Alifariki majira ya baridi ya mwaka wa pili.

Kitako nilikitafuta. Aliyenunua naye alikwisha kukiuza. Kiwenzo peke yake ndicho kilichobaki, kwa kuwa hakuna aliyekitaka, na kimo ndani ya kiberiti kitupu kwenye droo ya meza yangu. Kukirudisha ni kazi ya dakika chache. Nimewahi kukirudisha mara mbili, na mara zote mbili nikakitoa, kwa sababu kabaini ile sasa ni ya 1943 kila upande, na kiwenzo kile pale kinakuwa mgeni kama kitufe kilivyokuwa mgeni kwa kidole chake.

Binti yangu alikuja na chupa mkononi kuniuliza kama harufu inanisumbua. Nikamwambia aiache wazi.