Kumpelekea Mwalimu betri ya sola, kutoka Mombasa mpaka Kargi

Tuliondoka Jumatatu usiku, mimi na mzee mmoja wa kanisa letu, na mizigo yenyewe ilikuwa betri ya sola, jiko la gesi, unga, maharagwe na viatu vya mtoto tulivyonunua pale Kongowea kwa kukisia tu saizi, maana mara ya mwisho tumemwona huyo mtoto alikuwa bado anatambaa.

Huyo mtoto ni wa Mwalimu. Sisi tunamwita Mwalimu kwa sababu alifundisha Sunday school miaka mingi, na miaka miwili iliyopita kanisa letu lilimtuma yeye na mkewe waende kuwa wamishenari Kargi, kaunti ya Marsabit, kwa Warendile. Siku ya kuwaaga tulilia, tukacheza, tukala pilau, watu 40 wakajaza kadi za ahadi kwamba kila mwezi watatuma kitu kwa M-Pesa. Mimi niliandika 500. Kumbukeni hiyo.

Matatu ya kwenda Mwembe Tayari ilipopita Kengeleni mzee akaniuliza, kijana wangu, ile kengele unaijua historia yake? Nikamwambia mzee mimi ni Mrabai, hayo mambo tumenyonya nayo. Lakini wapi, akanieleza tu. Kwamba Freretown, hapohapo penye kengele, ilianzishwa 1875 na wamishenari wa CMS, shirika la misheni la Waanglikana, kuwaweka watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Mimi nikamjibu kwa ya kwetu: mmishenari Krapf alifika Mombasa 1844, mwaka huohuo akazika mke na mtoto, halafu 1846 mwenzake Rebmann akaja wakaanzisha misheni Rabai, na huyo Rebmann alikaa miaka 29 bila kurudi Ulaya, alipoondoka alikuwa kipofu.

Sasa kitu ambacho watu hawakisemi, hata kule kwetu Rabai ukiwauliza vijana watakutajia wazungu wawili basi, ni kwamba kazi ile ilishikwa sana na Waafrika. Kulikuwa na wale walioitwa Waafrika wa Bombay, watu waliokombolewa utumwani wakasomeshwa India kule Nashik, wakaanza kurudi huku kwenye 1864. William Jones ni mmoja wao. Alipouawa Askofu Hannington, Mwanglikana, huko Busoga, Uganda, 1885, ni Jones aliyewaongoza waliobaki mpaka wakafika pwani, kwa miguu. Kwa hivyo nikisikia mtu anasema "siku hizi Waafrika nao wameanza kuwa wamishenari" huwa nacheka. Wameanza lini? Kilichobadilika ni nani analipa nauli, na hapo ndipo sisi tunapoteleza.

Nairobi tulifika alfajiri, tukahamia Eastleigh kwenye basi la Marsabit. Barabara ni lami mpaka Moyale siku hizi, na wazee mle ndani ya basi wanasimulia zamani ukishapita Isiolo ilikuwa vumbi tupu na msafara wa polisi. Isiolo, Archer's Post, Merille, Laisamis, Logologo. Joto la huko si kama letu la Mombasa lenye jasho, ni joto linalokukausha mpaka midomo inapasuka. Jirani yangu kwenye kiti, kijana wa Kirendile anayesoma chuo, akaniuliza "mmetoka Kenya?" Nikasema si tuko Kenya hapa? Akacheka. Kumbe wakisema Kenya wanamaanisha huko chini kwetu, wao wako pembeni, na ukweli ni kwamba serikali baada ya serikali imewafanya waone hivyo.

Katika safari mzee akaanza kunisimulia habari za John Gatu wa PCEA, kanisa la Presbyterian, alivyosimama Marekani 1971 akasema wamishenari na pesa za nje zisimamishwe kwa muda, makanisa ya Afrika yajitafute yenyewe. Mzee anasema wakati ule yeye alikuwa kijana na walimuona Gatu kama mtu mwenye kiburi. Leo anasema alikuwa sawa ila tulisikia nusu ya maneno yake, tulisikia wazungu waende, hatukusikia nyinyi mlete. Nikanyamaza, maana nilikuwa na 500 yangu kichwani.

Marsabit mjini ni baridi, msitu na ukungu, hutaamini uko kaskazini. Pale kuna jimbo la Katoliki tangu 1964, maaskofu wawili wa kwanza Waitaliano, Cavallera na Ravasi, mpaka 2006 alipokuja Peter Kihara, Mkenya. Tulilala, asubuhi tukapata lori la kwenda Kargi. Hapo ndipo safari yenyewe. Ukishuka mlima unaacha miti yote nyuma, inabaki mawe meusi, halafu mchanga, halafu ngamia wanakuangalia kama wewe ndiye umepotea. Pancha mbili. Ya pili utingo alikaa chini ya lori saa nzima anaimba, na mzee wangu wa miaka 70 na zaidi amejifunika leso kichwani anakunywa maji kwa kifuniko cha chupa ili yasiishe.

Mwalimu sikumtambua. Amekonda, amekuwa mweusi kuliko alivyokuwa, anaongea Kirendile na watoto waliomzunguka, na yule mtoto aliyekuwa akitambaa anakimbia peku juu ya miiba. Viatu vilikuwa vidogo. Mkewe akavichukua akavishika kifuani akasema asanteni sana, vitamfaa mdogo wake. Mdogo wake? Ndiyo, ana mimba ya miezi mitano, kanisani hakuna aliyekuwa anajua kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuliza.

Usiku tulikaa nje, nyota utadhani zinakugusa, akatuletea maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, mzee akanywa vikombe vitatu. Mwalimu akaanza kusema polepole. Anasema miezi ya kwanza hakuhubiri kitu, alikuwa akiwafuata wachungaji wa ngamia akiuliza hiki kinaitwaje, kile kinaitwaje, na walimcheka mpaka wakachoka. Swali aliloulizwa kuliko yote ni "mzungu wako yuko wapi?" Yaani kwao mmishenari huja na gari, na kisima, na mradi, nyuma yake kuna mzungu. Yeye alikuja na baiskeli. Wengine walidhani ni jasusi wa serikali. Mzee mmoja wa pale akamwambia, wewe ni maskini kama sisi, basi kaa. Anasema hilo ndilo lililomfungulia mlango, na hapohapo ndilo linalomuua, maana umaskini wake si wa kuigiza.

Nikamuuliza pesa zinakuja? Akamwangalia mkewe. Mkewe ndiye alijibu: mwezi wa kwanza watu 38, nusu mwaka 11, sasa hivi sita. Nauli ya kupeleka mtoto hospitali Marsabit waliazima kwa mwenye lori. Yeye dada anachaji simu za watu kwa sola kwa shilingi 20 na ile betri ya zamani ilikuwa imekufa, ndiyo maana waliomba betri, sisi tulidhani ni ya taa za ibada.

Mimi nilituma mara nne. Sikusema. Nafikiri anajua, M-Pesa huandika majina.

Asubuhi tukiagana mzee akaomba sana, dua ndefu ya kutaja mito na milima. Mwalimu akanivuta pembeni akaniambia, ndugu yangu, mkipiga simu msianze na "tunakuombea". Niulizeni tumekula nini. Na kama hamuwezi 500 semeni mnaweza mia, mimi nijue nipange, hiyo ya kunyamaza ndiyo inanichanganya.

Kule chini netiweki ni ya kubahatisha. Tuliporudi juu Marsabit simu ikaanza kulia mfululizo, meseji za siku tatu. Grupu la kanisa lilikuwa limechangamka: kuna vijana wawili wengine watatumwa Desemba, bango limeshatengenezwa, picha zao wametabasamu, kamati ya chakula imeshafanya hesabu ya sahani 300. Watu wanaandika amina, amina, amina.

Nikaandika: na mwaka wa pili nani atakuwa akiwatumia? Nikaona wameisoma. Nikasubiri mpaka Laisamis, mzee amelala begani mwangu anakoroma, hakuna aliyejibu, kisha mtu akauliza mbuzi ni wangapi.