Mwenzi yuko ng'ambo na ana nyumba ndogo huko: sheria inasemaje

Tangu ibainike kwamba shemeji yetu aliyeko Uingereza anaishi na mwanamke mwingine, dada yangu aliyebaki Morogoro amepewa ushauri wa kila aina, na uliorudiwa zaidi ni kwamba avumilie hadi itimie miaka mitatu ndipo aende mahakamani. Ushauri huo unachanganya mambo. Katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, miaka mitatu inahusu mwenzi aliyetelekezwa kwa makusudi, au wanandoa waliotengana kwa hiari au kwa amri ya mahakama. Ugoni umetajwa peke yake katika kifungu cha 107, hasa ukitendeka zaidi ya mara moja au ukiendelea licha ya mwenzi kulalamika, na haukuwekewa miaka ya kusubiri. Kizuizi kipo kwa ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili, nayo ya dada ilikwisha kupita hapo zamani.

Hayo maneno ya kulalamika yana uzito wake. Dada alimwandikia mumewe kwa WhatsApp akimsihi aachane na mwanamke yule, naye akajibu: "Mama Neema, wewe ndiye mke wangu wa nyumbani, ya huku niachie mimi." Jibu hilo lina tarehe, namba yake na kukiri kwake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo, lakini mahakama huangalia ulivyotunzwa na namna chanzo chake kinavyotambuliwa, kwa hiyo nimemsihi asiuze ile simu hata kioo kikipasuka.

Kwa kawaida shauri la talaka hutanguliwa na Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na hati ya kushindwa kusuluhisha isiwe imepita miezi sita siku ya kufungua shauri. Kifungu cha 101 kinamsamehe mwombaji hatua hiyo iwapo mwenzi anaishi nje ya nchi na haielekei kwamba ataingia nchini ndani ya miezi sita inayofuata. Shemeji huja Krismasi, walau alikuwa akija, na hapo ndipo msamaha unapoyumba. Mimi ningeanza barazani tu, kwa sababu Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo mzima wa shauri la talaka kwa kukosekana hati halali ya Baraza, na hakuna adhabu mbaya kama kuanza upya baada ya kushinda.

Sheria inaruhusu pia kumdai fidia ya ugoni yule aliyezini na mwenzi wako. Dhidi ya mwanamke aliyeko ng'ambo, naona ni kupoteza nauli.

Shemeji naye anaweza kutangulia kufungua shauri huko aliko. Katika England na Wales, tangu tarehe 6 Aprili 2022, mwombaji hahitaji kuthibitisha kosa lolote. Zinapita wiki 20 kabla ya amri ya awali, kisha wiki 6 kabla ya ile ya mwisho. Karatasi za mahakama zikifika kutoka huko zisitupwe kabatini kwa hasira, bali zijibiwe ndani ya muda ulioandikwa. Hata talaka ikitolewa na mahakama ya Tanzania, sheria ya Uingereza ya mwaka 1984 inamwezesha mtalaka, kwa ruhusa ya mahakama ya huko, kuomba haki za kifedha ikiwa mmoja wao ameishi England au Wales mwaka mzima. Akiolewa tena kabla ya kuomba, mlango huo unafungwa.

Linaloniumiza kichwa zaidi ni nyumba. Hati ina jina la mume, fedha zilitoka kwake, lakini aliyesimamia mafundi na kulala na mifuko ya saruji sebuleni ni dada. Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali iliyochumwa kwa pamoja. Hata hivyo mgawanyo huja na talaka au amri ya kutengana, na kabla ya hapo nyumba inaweza kuuzwa. Kifungu cha 59 kinakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi na kinampa haki ya kuweka zuio, na kwa kuwa kaka yake shemeji ameanza kuonekana na dalali, zuio hilo ndilo la kushughulikiwa kwanza, kabla hata ya Baraza.