Kari ya kondoo na aprikoti: kumbukumbu za jikoni, Cape Town

Jumamosi

Baridi hii nimejipa mradi mmoja tu: kupika kari ya Wamalei wa Cape, jamii ya Waislamu wa mji huu, mpaka jirani yangu, mzaliwa wa mtaa wao wa Bo-Kaap, aimalize sahani bila kuniagiza chumvi. Sisi tuliokulia Tanga tunajiona mchuzi wa nyama tumeumaliza. Huu ni mwingine. Una utamu wa matunda, uchachu wa mbali, mdalasini na iliki zinanukia tangu mlangoni, na pilipili imepita tu kusalimia. Mtoto mdogo anaula na wali akadai tena.

Nyama niliyochagua ni bega la kondoo, kilo moja, na mifupa yake. Nyama ya paja haina mafuta ya kutosha na hukauka kabla mchuzi haujashika. Nazi sitii. Najua nyumbani watanicheka, ila tui likiingia hapa linafunika matunda, na matunda ndiyo kari yenyewe.

Jumatatu

Nimepita Wale Street, kwenye duka la viungo la Atlas Trading, nikatoka na mifuko mingi kuliko niliyokusudia. Kwa kilo moja ya nyama natumia hivi: giligilani ya kusaga vijiko viwili vya chai, bizari ya pilau kijiko kimoja, manjano kijiko kimoja, shamari nusu kijiko, kijiti cha mdalasini, iliki nne zilizopasuliwa na karafuu tatu. Pilipili ya unga, ncha ya kisu. Kuna watu wakisikia kari ya upole wanapunguza viungo vyote, wanabaki na maji ya manjano. Kinachopunguzwa ni pilipili peke yake.

Aprikoti za kukaushwa ziko za namna mbili. Laini na tamu zitokazo Uturuki, na za huku Western Cape, kavu kidogo na chachu zaidi. Za huku ndizo. Zile za rangi ya chungwa linalong'aa zimefukizwa salfa ili zisigeuke rangi. Zisizofukizwa huwa za kahawia na zinaonekana kama zimechakaa, lakini hazina kasoro.

Mtu akiuliza tunda hili limeingiaje kwenye mchuzi wa nyama, jibu liko kwenye historia ya mji huu. Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki ilifungua kituo hapa mwaka 1652, kisha ikawa inaleta watumwa, wafungwa na wapinzani wake kutoka visiwa vya Indonesia ya leo, India, Sri Lanka, Madagaska na pwani ya Msumbiji. Sheikh Yusuf wa Makassar, mwanazuoni wa Kiislamu, alifikishwa mwaka 1694 kama mhamishwa. Jina la Wamalei likawakusanya watu wa asili nyingi, na wengi wao ndio waliowekwa kwenye majiko ya mabwana. Mkono wao ulishazoea viungo na ukwaju. Walichokikuta rasini ni kondoo, zabibu na matunda ya kukaushwa juani. Wakapika na vilivyokuwepo.

Jumatano

Leo nimepika sufuria mbili ndogo kwa pamoja, makusudi. Swali lilikuwa moja: ukwaju uingie lini?

Sufuria ya kwanza, vitunguu na ukwaju vimeingia karibu kwa wakati mmoja. Ya pili, vitunguu vikubwa vitatu vimekatwa vyembamba, vikatiwa chumvi na mafuta, vikafunikwa moto mdogo kwa nusu saa hivi. Vilitoa maji, maji yakakauka, vikaanza kushika chini. Hapo nikawa nakwangua kwa mwiko, namwagia maji ya kijiko, nakwangua tena, mpaka vikawa uji wa dhahabu na huoni tena kipande. Baada ya hapo viungo dakika moja, nyama, maji ya kufikia nusu ya nyama, na mfuniko. Ukwaju ulisubiri hadi nyama ilipoanza kuachia mfupa.

Tofauti iko wazi hata kwa macho. Kwenye ya kwanza vitunguu vimebaki vipande vipande, vinaelea. Asidi inazuia kuta za mboga kulainika. Ya pili mchuzi ni mzito, na hakuna unga wala nyanya ndani yake. Utamu wa kwanza wa kari hii unatoka kwenye vitunguu. Anayekimbilia sukari ameruka hatua.

Aprikoti nazigawa. Nusu zinakatwakatwa na kuingia pamoja na nyama, ziyeyuke. Nusu zinaingia nzima dakika ishirini za mwisho, mtu azikute. Jumla gramu 100, basi. Zaidi ya hapo ni jamu.

Ijumaa

Nimempelekea jirani yangu, Anti, bakuli, na wali wa manjano wenye zabibu kavu, na kachumbari ya vitunguu na siki pembeni. Hapa kila mama mtu mzima ni Anti, kama kwetu.

Akaonja akiwa amesimama mlangoni. “Mdalasini umezidi. Chumvi ipo.” Akaonja tena. “Nani kakwambia uache aprikoti nzima?”

“Hakuna, Anti. Nimeona ni vizuri.”

“Mama yangu alikuwa anafanya hivyo. Mimi natia chatini ya chupa, naokoa muda.”

Nimeijaribu hiyo chatini usiku, vijiko viwili. Inafanya kazi, maana ndani yake mna matunda, siki na sukari vilivyokwisha patana. Kwa siku ya kazi nitaitumia bila aibu. Ila ladha inakuja yote kwa mkupuo, wakati ya ukwaju na aprikoti inakuja tamu, kisha chachu, kisha mafuta ya kondoo. Naibakiza njia ndefu kwa ajili ya wageni.

Mdalasini nimeshaukata: nusu kijiti, na natoa kabla ya kupakua.

Kilichobaki ni viazi. Anti anasema kari bila viazi haijashibisha mtu. Binafsi naona vinanyonya mchuzi niliouhangaikia, lakini Jumapili nitavitia. Vitaingia kabla ya ukwaju, kwa sababu ile ile ya vitunguu: vikikutana na uchachu vikiwa vibichi, mtakaa mezani mnavisubiri.