Nilivyoivunja 4,294,967,297 kwa kalamu na karatasi

Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 32, ukiongeza 1. Mwaka 1640 Pierre de Fermat aliamini kuwa ni namba tasa, kama walivyo ndugu zake wadogo 3, 5, 17, 257 na 65,537 (yaani 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, ukiongeza 1). Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kuwa inagawanyika kwa 641. Hayo niliyajua. Nilichotaka ni kuifikia hiyo 641 kwa mkono wangu, bila kikokotoo, kama mtu ambaye hajaambiwa jibu.

Nilianza vibaya: nikagawanya kwa 3, kwa 7, kwa 11, nikiendelea hivyo hadi mkono ukachoka. Kipeuo chake cha pili kinazidi 65,536 kidogo sana, na chini ya hapo kuna namba tasa 6,542. Njia hiyo haina mwisho.

Kilichonifungulia mlango ni kanuni ya Fermat mwenyewe. Kama namba tasa p inaigawa namba yetu, basi 2 kwa kipeo cha 32, ukiigawa kwa p, huacha baki sawa na −1 (yaani imepungua moja tu ili igawanyike), na kwa kipeo cha 64 huacha 1. Kabla ya 64 haiachi 1 kamwe. Lakini Fermat alisema kuwa 2 kwa kipeo cha p − 1 nayo huacha 1. Kwa hiyo lazima 64 iigawe p − 1. Nilikaa na hoja hii jioni nzima, na bado naiona nzuri kuliko jibu lenyewe. Ghafla wagombea wa kwanza wakabaki watano tu: 193, 257, 449, 577, 641.

Halafu sikuigusa tena ile namba kubwa. Nilichukua 256, yaani 2 kwa kipeo cha 8, nikaizidisha kwa yenyewe, nikabakiza baki, nikarudia mara moja tena, kisha nikaongeza 1. Ikitoka sifuri, kigawo kimepatikana. 193 ikanipa 109. 257 ikanipa 2. 449 ikanipa 325, na 577 ikanipa 288. Kwa 641, 65,536 iliacha 154. 154 mara 154 ni 23,716, na 641 mara 37 ni 23,717. Imepungua moja tu! Ukiongeza 1, sifuri.

Kuna uthibitisho mfupi zaidi, unaotumia kwamba 641 ni 640 + 1 na pia ni 625 + 16. Unapendeza, ila unakutaka uwe tayari na 641 mkononi.

Ukiigawa namba yetu kwa 641 unapata 6,700,417, na sasa nilitaka kujua kama nayo ni tasa. Kigawo chake chochote kingefuata sharti lile lile la 64, na kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, hivyo kulikuwa na namba saba za kujaribu: 641 yenyewe, 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113. Hiyo 641 niliigawanya moja kwa moja, ikaacha 44. Nyingine zikagoma moja moja, na 2,113 ikaja mwisho: 65,536 iliacha 33, na 33 mara 33, ukiongeza 1, ni 1,090. Si sifuri. Chini ya ukurasa nikaandika 641 × 6,700,417, zote mbili tasa.